Bila lifti, jumba la tajiri New York ni gereza

Wageni wengi wanaozuru jiji la New York nchini Marekani hutembea wakitazama juu hadi shingo zikawauma. Wafikapo barabara ya 57, kusini mwa bustani ya Central Park, ndipo hasa wanapoduwaa. Majumba membamba yamechomoza angani kama penseli zilizosimamishwa mezani. Mengi yake si ofisi bali ni makazi ya watu, na eneo lenyewe limebandikwa jina la Mtaa wa Mabilionea.

Refu kuliko yote ni Central Park Tower. Lilipofikia kimo chake cha mita 472 mwaka wa 2019, lilitwaa sifa ya jumba refu zaidi la makazi duniani. Mwendo mfupi kutoka hapo kuna jengo la 432 Park Avenue, lililokamilika mwaka wa 2015, lenye kimo cha mita 426. Wewe msomaji wa Nairobi, chukua jumba la KICC, ulipange mara nne moja juu ya jingine, nawe utakuwa umelikaribia.

Bei nazo ni za kutisha. Mnamo Januari 2019, makao ya orofa kadhaa katika jengo la jirani, 220 Central Park South, yaliuzwa kwa takriban dola milioni 238.

Lakini je, umewahi kujiuliza bwanyenye huyo hufikaje nyumbani kwake jioni, au mgonjwa huteremshwaje usiku wa manane? Jibu ni lifti. Ukitaka kujua ilikotoka, huna haja ya kuondoka New York.

Juu palikuwa pa wanyonge

Teremka hadi kusini mwa jiji, mahali barabara za Broadway na Broome zinapokutana. Hapo lingali jengo la orofa tano lililokuwa duka la vyombo vya udongo na vioo la Haughwout. Mwaka wa 1857, duka hilo liliwekwa lifti ya abiria iliyoundwa na Elisha Otis, nayo iliendeshwa kwa nguvu za mvuke. Miaka mitatu awali, Otis alikuwa amesimama juu ya jukwaa katika maonyesho jijini humo, akaamuru kamba iliyolishikilia ikatwe. Watu walishika roho mikononi, lakini jukwaa halikuanguka. Breki alizobuni zilikuwa zimelinasa.

Kabla ya hapo, orofa za juu hazikuwa na heshima. Tajiri aliishi karibu na ardhi, naye asiye na kitu akapanda ngazi. Hali hiyo haikubadilika mara moja. Nenda ukalitazame jumba la Dakota, magharibi mwa Central Park, ambapo mwanamuziki John Lennon aliishi na kuuawa mlangoni mwaka wa 1980. Jumba hilo la kifahari lilikamilika mwaka wa 1884 likiwa na lifti, na bado orofa zake za juu kabisa ziliachiwa watumishi na shughuli za kufua nguo. Ilichukua miaka mingi kwa tajiri kuamini kwamba pahali pazuri ni kileleni.

Wakazi wa mitaa yetu isiyo na lifti wanaijua hesabu hiyo ya zamani. Nani asiyemfahamu mama anayepumzika kila orofa akiwa na mtungi wa maji?

Kazi ya gizani

Basi lifti ya jumba refu huwekwaje? Mpita njia huona kreni na saruji, lakini hawaoni mafundi wa lifti. Wao hufanya kazi ndani ya shimo lenye giza linalotoka chini ya ardhi hadi paani, huku wamefungwa mikanda ya kuwazuia wasianguke.

Kwanza huteremsha timazi, kama fundi yeyote wa kujenga nyumba, au hutumia miale ya leza. Hakuna shimo lililonyooka kabisa, na kupinda kidogo tu humtikisa abiria anayepanda kwa kasi. Kisha hufunga reli za chuma ukutani, kipande baada ya kipande, kila kimoja kikiwa na urefu wa kama mita tano. Reli hizi ndizo njia ya lifti.

Kuna siri moja hapa. Jumba refu la saruji hujikunja polepole kwa uzito wake lenyewe, na kupungua kimo kwa sentimita kadhaa baada ya miaka. Kwa hivyo vishikizo vya reli huachwa viteleze kidogo. Vikikazwa kupita kiasi, reli zitapinda.

Baadaye mashine hupandishwa juu, kamba za chuma zikapitishwa kwenye gurudumu lake. Upande mmoja hubeba chumba cha abiria, upande wa pili mzigo wa kukisawazisha, mfano wa mizani ya dukani. Hatimaye lifti hupakiwa mzigo unaozidi kiwango chake kwa robo, ili breki zijaribiwe kabla mtu yeyote hajaingia.

Si kazi ya kubahatisha. Mwanagenzi wa ufundi huu nchini Marekani husoma na kufanya kazi chini ya mafundi waliobobea kwa miaka minne hivi.

Adui ni upepo

Hata fundi akiwa hodari vipi, majumba haya yana adui. Jengo la 432 Park Avenue lina upana wa mita 28 tu kila upande. Ndiyo maana kila baada ya orofa kumi na mbili, mbili zimeachwa wazi ili upepo upite. Hata hivyo, jumba jembamba haliachi kuyumba, na kamba za lifti huanza kuning'inia na kupiga huku na huko kama kamba ya watoto wanaoruka. Hapo mitambo hupunguza mwendo wa lifti, au huisimamisha kabisa.

Mnamo Februari 2021, gazeti la The New York Times liliripoti malalamiko ya wakazi wa jengo hilo kuhusu maji kuvuja, kelele na lifti kukwama. Usiku mmoja wa upepo mkali mwaka wa 2019, mkazi alikwama ndani ya lifti kwa muda wa karibu saa moja na nusu. Mamilioni yake ya dola hayakumfungulia mlango.

Si matajiri pekee

Ni rahisi kucheka masaibu ya mabwanyenye. Lakini New York ina watu zaidi ya 300,000 wanaoishi katika nyumba za umma zinazosimamiwa na jiji, wengi wao katika majengo marefu. Kimbunga Sandy kilipopiga Oktoba 2012, umeme ulikatika na lifti za mengi ya majengo hayo zikasimama kwa siku nyingi. Wazee na wagonjwa walinaswa orofa za juu bila maji wala mwanga. Majirani na watu wa kujitolea walipanda ngazi gizani wakiwa na kurunzi, wakiwapelekea chakula na dawa.

Tofauti ni kwamba bilionea akichoshwa na lifti mbovu anaweza kuhamia nyumba nyingine. Ajuza wa orofa ya kumi na nne hana pa kwenda.

Nairobi nayo inazidi kupanda juu. Mitaa kama Kilimani na Kileleshwa imejaa majengo ya fleti ambayo hayapandiki kwa miguu kila siku. Anayenunua au kukodi huko hutazama vigae, jikoni na mandhari ya mbali. Ni nadra kuuliza ni nani aliyeweka lifti, hukaguliwa mara ngapi, na umeme ukipotea itaendeshwa na nini.

Wahenga walinena kuwa aliye juu mngoje chini. Katika majumba ya siku hizi, aliye juu atashuka salama iwapo tu fundi aliyekuwa shimoni alinyoosha reli zake sawasawa, na mwenye jengo akaendelea kumwita aje kuzikagua.