Jicho Libaki, Mkono Utoke

Ndugu msomaji, sisi watu wa Mtwara joto hatulinunui. Linakuja lenyewe asubuhi, linashinda nasi kutwa, na usiku linagoma kuondoka. Hata mwezi wa saba, kusi inapovuma na wazee wanajifunika shuka na kulalamika, ukipima utakuta nyuzi 20 hivi. Tunachonunua sisi ni baridi. Baridi ndiyo inayomfikisha pweza wa Msimbati sokoni akiwa pweza, na baridi ndiyo iliyosomesha watoto wa mama mkubwa wangu, pale Mikindani.

Mama mkubwa, dada yake mama, ana friza moja kuukuu la kulala, lile la kufungulia juu. Anagandisha maji, anawauzia barafu wavuvi na wachuuzi wenye madeli, na nafasi inayobaki anahifadhi pweza na changu mpaka mteja atokee. Friza lina kitufe cha kuzungusha, namba 1 mpaka 7. Nyuma ya kitufe hicho kuna themostati ya zamani isiyojua kompyuta ni nini: mrija mwembamba wa shaba wenye gesi ndani, ncha yake imegusa ukuta wa ndani wa friza. Ukuta ukipoa, gesi inasinyaa, swichi inaachia na mota inanyamaza. Ukipata joto, gesi inatanuka, swichi inashika, mota inanguruma. Basi. Limefanya kazi hiyo usiku na mchana kabla mimi sijajua kushika bisibisi.

Mwanawe wa kwanza, kaka yangu, yuko Glasgow. Anakaa kwenye nyumba ya mawe ya zamani, na yeye ndiye anayenunua joto. Jikoni kwake kuna boila ya gesi. Inachemsha maji na kuyasukuma kwenye mabomba hadi kwenye rejeta, kama za gari, ila hizi zimetundikwa ukutani. Tazama mambo haya: huku gesi iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, ikaja kuzungusha mitambo ya umeme ya Mtwara, na mwaka 2015 bomba likaifikisha Dar es Salaam. Kule gesi inageuka joto la kukaushia soksi. Huku inageuka barafu. Mtoto anaichoma ili asigande, mama anagandisha kwa nguvu ya gesi hiyo hiyo.

Sasa, kaka alichoka kutoka kazini na kuikuta nyumba baridi kama kaburi. Kwenye korido palikuwa na themostati ya ukutani, na kazi yake ilikuwa moja tu: nyumba ikipoa inagusanisha nyaya mbili, boila inawaka, ikipata joto inaziachanisha, boila inazima. Ndani ya boila kaka hakugusa, maana kule sheria inataka gesi ishikwe na fundi aliyesajiliwa. Alizima umeme, akafunga relei kwenye zile zile nyaya mbili, na kihisi cha betri akakiweka chumba anacholala. Vitu hivyo viwili vinazungumza kwa redio, ruta inapeleka habari hadi kwenye simu yake. Yuko ndani ya basi, anabonyeza, nyumba inaanza kupata joto. Boila ni ile ile ya zamani. Haijui nani kagusanisha nyaya: chuma, kidole au redio.

Alinionyesha hayo yote kwenye simu ya video, mwaka 2023, huku anacheka. Kisha akasema, "Dogo, si wewe umesomea umeme? Hebu tulifanyie hivyo friza la mama."

Wazo lilikuwa zuri, nami nalisema hivyo hata leo. Umeme ukikatika usiku, au uniti za LUKU zikiisha watu wamelala, hakuna anayejua mpaka asubuhi. Kaka akatuma hela, nikanunua kihisi cha kuzamisha, nikakifunga ndani ya chupa ya maji katikati ya barafu. Nikaweka kifaa cha mtandao chenye laini ya simu, na pawabenki ili kibaki macho umeme ukilala. Mwisho nikafunga kontakta, kwa sababu mota ya friza si taa: ikianza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishachanganya, na relei ndogo inaweza kugandisha meno yake hapo hapo. Kontakta nikaipa ucheleweshaji wa dakika tano, maana mota ikizimwa inahitaji kupumzika mpaka msukumo wa gesi ndani ya mabomba ulingane. Ukiiwasha papo hapo inahema, inashindwa, mwisho inaungua. Themostati ya zamani niliiacha mahali pake.

Mama mkubwa alitazama kazi yote akiwa amekaa kwenye mkeka, hasemi. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo sasa mwanangu ananiona?"

"Anaona friza, mama mkubwa. Wewe hakuoni."

"Haya."

Wiki ya kwanza ilipita salama. Wiki ya pili simu zikaanza. Mfuniko ukifunguliwa na maji mapya yakiingizwa, nyuzi zinapanda, na kule Glasgow simu inalia. "Mama, saa tano ulifungua friza?" "Mama, mbona limefunguliwa mara sita leo?" Yule ni mtoto mwema, ndugu msomaji, nataka ulielewe hilo. Lakini mama aliyemlea kwa barafu hiyo hiyo alianza kulifungua friza lake kama mtu anayeiba sukari ya jirani.

Kisha kaka akaamua kumsaidia kubana matumizi. Usiku hakuna wateja, ya nini mota inguruma? Akawa analizima kutoka Glasgow saa nne ya usiku na kuliwasha alfajiri. Kwa hesabu za karatasi ni sawa. Lakini mama mkubwa hulala na ule mngurumo. Ndio unaomwambia kwamba kesho ipo. Usiku mmoja akaamka, kimya. Taa inawaka, friza limekufa. Akanipigia.

"Nani kazima friza langu?"

"Kaka, mama mkubwa. Anabana umeme."

"Kaka yupi? Yumo humu ndani?"

Nikakosa la kujibu.

"Mimi mume wangu alifariki," akasema. "Friza langu sijaliozesha."

Asubuhi nilipofika, "Shikamoo," "Marahaba," na kabla sijakaa akanipa hukumu: "Hicho kinachotazama kiache, kinaweza kunifaa. Kinachozima kitoe. Jicho libaki, mkono utoke."

Nikaitoa kontakta siku ile ile.

Kaka aliumia. Hakugomba, ila alikaa kimya siku nne, na kwa mtu anayepiga simu kila jioni siku nne ni mwaka. Siku ya tano akaniambia, "Dogo, hela nikituma anagawa. Dawa nikituma hanywi. Sijakanyaga Mikindani muda mrefu, we unajua. Ile swichi ilikuwa kitu pekee cha mama ninachokishika mwenyewe." Nikaelewa kwamba tulikuwa tumefunga jambo zito kuliko friza. Kila mmoja alikuwa na haki yake, na haki hizo hazikuweza kukaa kwenye waya mmoja.

Halafu ukaja usiku wa Desemba. Umeme ulikatika magharibi, na saa nane ya usiku kihisi kikaonyesha sifuri. Friza la chakula linatakiwa kuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Kaka akapiga, sauti imempanda: "Mama, imefika sifuri! Hamisha samaki, tafuta barafu!" Nilikuwepo, nimelala palepale. Mama mkubwa akainua mfuniko kidogo, akapenyeza mkono gizani, akashika chupa moja ya akiba, akaitikisa sikioni. Akashika ya pili, akaitikisa. Akafunga.

"Bado," akasema. "Mpaka kesho mchana."

"Lakini mama, sifuri!"

"Bado, mwanangu. Lala."

Umeme ulirudi saa nne asubuhi. Hakuna pweza hata mmoja aliyeharibika.

Hapa ndipo penye somo, nami ninalisema kama fundi. Barafu inapoyeyuka hupanda hadi sifuri, kisha inasimama hapo. Inasimama sifuri ikiwa imeanza tu kuyeyuka, na inasimama sifuri ikiwa limebaki donge moja. Joto lote linaloingia linatumika kuyeyusha, halipandishi nyuzi. La kuyeyusha kilo moja ya barafu, kiasi cha kilojuli 334, lingetosha kuyapasha maji yale yale kutoka sifuri hadi karibu nyuzi 80. Kwa hiyo kihisi kilisema kweli, na hakikusema kitu. Kiliona sifuri, hakikuona imebaki barafu kiasi gani. Chupa ndiyo inayosema: ikitikiswa isipolia ni jiwe zima, ikilia kidogo nusu imekwenda, ikilia sana anza kuuza. Mama mkubwa hajasoma fizikia, lakini tangu zamani hujaza kila pengo la friza kwa chupa za maji. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Marekani hufundisha hayo hayo: friza lililojaa hutunza baridi saa 48 hivi bila umeme lisipofunguliwa, lililojaa nusu, saa 24. Kwa joto letu, punguza.

Basi nikafunga kitu kingine. Pembeni mwa friza nikaweka kitufe kimoja kikubwa, cha kengele ya mlango. Mama mkubwa akishatikisa chupa na kuridhika, anabonyeza, na kule Glasgow inafika meseji ya maneno mawili: "Mama ameangalia." Hakuna zaidi. Kaka hawezi kuzima wala kuwasha. Lakini nyuzi zikipanda na ile meseji isipokuja, anajua apige simu, na wakati huo hapigi kwa ajili ya samaki.

Ukitaka kujua, mashine hizi zilianza kwa kumtafuta mtu kama mama mkubwa na kumpa mapumziko. Inasimuliwa kwamba katika chuo kimoja cha Wisconsin, Marekani, mhudumu alikuwa akiingia darasa hadi darasa kutazama joto, kisha anamwambia mwenzake wa boila kule chini aongeze au apunguze. Mwalimu Warren Johnson akachoka kukatizwa masomo, akatengeneza themostati ya umeme, akaipatia hataza mwaka 1883. Mhudumu akaacha kuingia darasani. Ni faida, sikatai. Ila mhudumu yule alikuwa anaona pia dirisha lililovunjika na mwanafunzi anayetetemeka kwa homa, na hayo themostati haikurithi.

Mei 2024 ikatupima sote. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na pwani yetu ikapewa tahadhari. Tarehe 12 nyaya mbili za mawasiliano zikakatika chini ya bahari, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya kwa intaneti. Kwenye simu ya kaka friza likatoweka. Mchoro ukawa mstari mtupu. Huku Mikindani friza halikupata habari. Ule mrija wa shaba uliendelea kusinyaa na kutanuka, mota ikanguruma, mama mkubwa akauza barafu. Kaka akapiga simu ya kawaida, ya sauti, akauliza kwa mara ya kwanza swali ambalo nilikuwa ninalisubiri: "Mama, chupa zinasemaje?" Wakaongea nusu saa nzima, na friza halikutajwa tena.

Wala si huku kwetu tu. Aprili 2025 kampuni ya Google ilitangaza kwamba themostati zake za Nest za toleo la kwanza na la pili, za mwaka 2011 na 2012, zitaacha kutawaliwa kwa simu kuanzia tarehe 25 Oktoba 2025. Zilibaki ukutani zikifanya kazi, ila kwa kuzungushwa kwa mkono. Nasikia kule wako waliokasirika. Mimi nilifikiria: je, ingekuwaje kama zisingekuwa na pa kuzungushia kwa mkono?

Kwa hiyo, wewe uliye mbali, Dar es Salaam, Muscat au Glasgow, na unataka kumfungia mzazi wako kifaa cha kutazamwa kutoka mbali, fanya, lakini kwanza muulize anachotaka kionekane. Ile swichi ya zamani iache mahali pake, hai, ifanye kazi hata mtandao ukifa. Ukizime kwa mbali kitu ambacho yeye ndiye anayekaa nacho? Muulize hilo pia, na jibu lake lifuate.

Juzi nimemkuta mama mkubwa na mjukuu wake wa miaka tisa, mfuniko uko wazi. Mtoto ameshika chupa sikioni, amefumba macho.

"Inalia?"

"Inalia, bibi."

"Kidogo au sana?"

Mtoto akaitikisa tena.