Pasi Haikuwa na Kosa

Karibu mwezi mzima binti wa marehemu dada yangu alikwenda shule na sare iliyokunjamana kwa sababu yangu. Naanza na hilo kwa kuwa mengine yote nitakayoyasimulia, friji, taa, hata kabati la chumbani, yalitokana na aibu ya alfajiri moja niliyoujua ukweli.

Tunakaa Mbagala, nyumba ya vyumba vitatu, bati juu na dari hakuna. Umeme wa shilingi 10,000 ulitupa uniti 28, nazo zilikuwa hazifiki siku ya tano. Mita ya Luku ikianza kulia usiku, usingizi wangu ulikuwa umekwisha. Nikamtafuta mkosaji, na mkosaji akawa yule mtoto, maana ndiye aliyeshika pasi kila asubuhi. Nilimwambia maneno ambayo mama yake angeyasikia angelia. Hakujibizana nami. Alisema tu, "Sawa, mama mdogo," akalikunja shuka la kupigia pasi, akaliweka juu ya kabati, na kuanzia kesho yake hakuligusa.

Umeme ukaendelea kwisha vilevile.

Hapo ndipo nilipochukua daftari. Kila saa tatu usiku na kila saa kumi na moja alfajiri nikaandika uniti zilizobaki kwenye mita. Sikuwa na ujuzi wowote, nilitaka tu kuona zinaondoka saa ngapi. Usiku mmoja nikazima kila kitu, hata feni na taa ya nje, nikaliacha friji peke yake. Alfajiri uniti moja na nusu zilikuwa zimekwenda, na sisi sote tulikuwa tumelala. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa nzima. Pasi yetu ni ya wati 1,000, na mtoto alikuwa akiitumia dakika kumi. Hakuwahi kufikisha hata robo ya uniti. Nilikaa jikoni, daftari mapajani, nikalisikiliza friji likinguruma. Sikuweza kukumbuka mara ya mwisho liliponyamaza. Mngurumo wake ulikuwa umeshakuwa sehemu ya nyumba, kama tunavyoyazoea magari ya barabarani.

Nilimwamsha kabla ya wakati wake. Nikamwonyesha namba zile, nikamwomba radhi, na sikuongeza neno lolote la kujitetea. Alizitazama kwa muda, kisha akauliza, "Kwa hiyo friji linaumwa?"

Lilikuwa linaumwa kweli. Fundi wa mtaani alichana kipande cha karatasi, akakibana kwenye mlango wa friji, akafunga, kisha akakivuta. Kilitoka bila kukwama popote. Mpira wa mlango ulikuwa umepasuka, baridi ikavuja mchana na usiku, na mota haikupata kupumzika. Akanionyesha na mengine ambayo nilikuwa nikiyatazama kila siku. Friji hulitoa joto la ndani na kulitupa nyuma yake. Letu lilikuwa limegandana na ukuta, na hatua moja tu pembeni ndipo nilipokuwa naweka jiko la mkaa. Ndani, barafu ilikuwa imeganda nene kama mkate, ikawa kama blanketi linalozuia baridi kufika kwenye vyakula. Na mimi mwenyewe nilikuwa naingiza humo sufuria ya mchuzi ingali inafuka moshi.

Tukabadilisha mpira. Tukalivuta friji kutoka ukutani kiasi cha shubiri, jiko likahamia uani, barafu tukaiyeyusha. Usiku uliofuata nililala kwa shida kwa hamu ya kuona mita. Nusu uniti! Friji lilelile, usiku uleule wa joto la Dar es Salaam.

Kuanzia hapo daftari likawa la watu wawili. Mtoto ndiye aliyeipigia hesabu taa ya nje: balbu ya wati 60, saa kumi na mbili kila usiku, ni zaidi ya uniti 20 kwa mwezi kwa ajili ya kumulika ukuta na paka. Ya LED ya wati 9 inakula kama uniti tatu. Tulibadilisha moja moja, kadiri hela ilivyopatikana, tukianza na zile zinazowaka muda mrefu. Ya chooni ilisubiri mwisho, kwani huwaka dakika chache tu.

Suala la joto lilinichukua muda zaidi. Chumbani feni ilizunguka hadi asubuhi, na nilidhani hakuna namna chini ya bati. Kumbe kabati langu la nguo lilikuwa limeziba dirisha la upande wa kusini, huko huko unakotoka upepo wa kusi miezi ya katikati ya mwaka. Miaka sita! Tulilisukuma Jumamosi moja, jioni upepo ukaingia ukapita hadi sebuleni. Baadaye nilidunduliza, nikaweka dari ya jipsamu chumba kimoja kwanza. Mchana ukiingia chumba hicho na ukaingia cha pili, huhitaji kuambiwa tofauti.

Kwenye kupika sijafika. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na ninatamani niwe mmoja wao kikamilifu, lakini mkaa bado ninao. Maharage, hata hivyo, sasa nayaloweka usiku kucha, na hupikwa kwenye jiko la presha la umeme tulilonunua kwa fedha za mchezo. Tuliyapima: sufuria nzima haikufika nusu uniti. Wali ukikaribia kukauka naufunika kwa kanga mbili ndani ya kikapu, unajiivisha wenyewe, na moto unakuwa umeshazimwa.

Tulikuwa tunatumia takriban uniti 200 kwa mwezi. Sasa tuko chini ya 75, na nimeshaomba nihamishiwe kundi la watumiaji wadogo, ambao kwao uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi, badala ya 292 niliyokuwa nalipa.

Sare za wiki nzima mtoto huzipiga pasi Jumapili jioni, kwa mkupuo mmoja, ili pasi isipashwe moto mara tano. Aliliamua mwenyewe, mimi sikumwambia. Akimaliza zake huniuliza, "Mama mdogo, na gauni lako nilete?" Nami humpa.