Jina la Mama wa Maji



Nilipohamia Kasikeu, kaunti ya Makueni, rafiki yangu wa Mombasa aliniuliza nitamsomesha nani huko bara. Nikamjibu kuwa mji wa jirani, Sultan Hamud, una jina la Sayyid Hamud bin Muhammad, Sultani wa Unguja aliyefariki 1902. Hatukuanza sisi kupita njia ile.

Chuo chetu ni kidogo. Siku moja niliwasomesha watoto juu ya watu wanaotusaidia. Daktari, polisi, mwalimu, dereva: waliitikia kwa sauti moja kama wasomavyo alifu na bee, nami nikaridhika. Ndipo mmoja, hajatimiza miaka sita, akaonyesha dirishani. "Na yule, Maalim?"

Alikuwa mama wa Kikamba, akishusha mitungi ya maji kutoka mgongoni mwa punda. Ndiyo maji tunayotawadhia. Mito ya kule ni ya msimu; kiangazi hakibaki kitu ila mchanga. Lakini wanakijiji, wengi wao kina mama, hukusanyika katika vikundi vya kazi viitwavyo mwethya, wakabeba mawe, wakajenga ukuta kukata mto. Mvua zikija, mchanga hujaa nyuma ya ukuta na kuyaficha maji ndani yake, jua lisiyafikie. Wakati wa ukame huchimba shimo mchangani, wakateka.

"Huyo ni mama wa maji," nikajibu.

"Anaitwa nani?"

Nikanyamaza. Miaka miwili nilikuwa nikimlipa kwa kila mtungi, nikidhani deni limekwisha. Si Mwislamu, na pengine hiyo ndiyo sababu sikumuuliza. Naona haya kuiandika.

Nikamkumbuka yule mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (s.a.w.). Alipofariki, watu waliliona jambo lake dogo, wakamzika bila kumpasha Mtume habari. Naye alipomkosa alimuulizia, akataka aonyeshwe kaburi lake, akamswalia. Kisa hiki nimekisomesha tangu ujana wangu.

Nikafunga kitabu, nikatoka na watoto wote. Wakubwa wakapokea mitungi, nami nikamuuliza jina lake. Alilitaja, akacheka kidogo, kisha akaanza kuwauliza watoto majina yao, mmoja mmoja, akirudia kila jina mpaka alitamke sawasawa. Adhuhuri ikatukuta pale pale.

Jina lake sitaliandika hapa, kwani sikumwomba ruhusa. Watoto wanalijua.