Picha za feri (Sehemu ya 6)

Wiki hii sina somo la chanjo wala la uji. Nataka tuongelee picha, zile tunazopiga njiani halafu tunazisahau mpaka simu inaanza kulalamika kwamba imejaa.

Yangu imejaa picha za feri. Kigongo kwenda Busisi, Busisi kwenda Kigongo, kuanzia Agosti 2021. Ukizipitia haraka utadhani ni picha moja imejirudia: maji, malori, watu na mizigo yao, na mtoto mwenye sweta jekundu. Baba Kulwa alishaniambia nizifute nipate nafasi. Nikamwambia aanze yeye na picha zake za maduara.

Mlio nami tangu sehemu ya kwanza mnajua nina mapacha, Kulwa na Doto. Mwaka ule walikuwa na miaka 4. Nilikuwa namwogesha Kulwa jioni moja nikaona taya la kushoto limejaa, na jino la nyuma linacheza. Mtoto wa miaka 4 jino la nyuma kucheza? Hapana. Majirani walisema ni jino tu, mwingine akaniambia kuna mzee Katoro anachanja. Mimi ni nesi, siku mbili mbele tulikuwa hospitali, na wiki haikuisha tukapewa rufaa ya Bugando, Mwanza. Kipimo cha nyama kikarudi: saratani ya Burkitt.

Hapa niweke kidogo elimu, mtanisamehe. Jina hilo ni la daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, aliyekuwa anafanya kazi Kampala. Mwaka 1958 aliandika juu ya watoto wenye uvimbe wa taya ambao alikuwa anawaona mara kwa mara. Akataka kujua unapatikana wapi na wapi. Akasambaza picha za watoto hao kwenye hospitali za Afrika, na mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakapanda gari kuukuu aina ya Ford, wakazunguka kilomita kama 16,000 kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini. Wakifika hospitali wanauliza: watoto wenye uvimbe kama huu mnawaona? Wakaweka alama kwenye ramani, ikaonekana ugonjwa unakaa kwenye ukanda wa joto na mvua, kulekule malaria ilikojaa. Kwa hiyo sisi wa Kanda ya Ziwa tumo. Na uzuri wake, kama ugonjwa una uzuri, ni miongoni mwa saratani zinazoitikia dawa haraka sana mtoto akiwahishwa.

Nilipoisoma habari hiyo nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wodi. Nikawaza, kumbe safari na picha ndivyo vilivyosaidia ugonjwa wa mwanangu ujulikane.

Lakini picha zangu mimi hazikuanza kwa sababu hiyo. Zilianza kwa sababu ya Doto. Tulimpeleka Shinyanga kwa bibi yake, maana nisingeweza kuwa wodini na kuwa nyumbani, na baba yao alikuwa Rwamgasa kwenye duara ambalo lilikuwa halijatema hata kidogo. Pacha hawajawahi kulala nyumba tofauti! Bibi akawa anapiga simu usiku: huyu mtoto hali, anauliza mwenzake yuko wapi. Bibi ana kiswaswadu, basi nikawa natuma picha kwa mjomba wao, na mjomba anapita jioni kuonyesha. Kulwa ndani ya feri. Kulwa na muuza mayai. Kulwa na Jiwe la Bismarck nyuma yake. Kutoka kule nazo zikaanza kuja: Doto na mbuzi wa bibi, Doto juu ya mbuyu ulioanguka, Doto amelala kwenye marobota ya pamba kama bosi. Safari zetu zilikuwa za shida tupu, nauli ya kukopa, lakini wale watoto wakaanza kushindana nani amefika mahali pazuri zaidi.

Nywele za Kulwa zilipokatika kwa dawa nikamvalisha kofia kabla ya kupiga. Akaivua. Akasema Doto hatamjua akivaa kofia. Nikaituma hivyohivyo. Mjomba akasema bibi aliishika ile simu muda mrefu, kisha akamwambia Doto, "Umeona, mwenzako amenyolewa vizuri." Kesho yake Doto naye akataka kipara.

Sasa mtu asikudanganye kwamba ukiwa ndani ya shida unaona unasogea. Huoni. Ukiwa pale kila siku ni dripu, homa, choo kigumu, vidonda vya mdomo, bili. Mimi nilikuja kuona baadaye, usiku mmoja nikiwa zamu, nikipitisha picha kwa kidole kutoka ya kwanza. Taya lile limejaa; picha ya wiki iliyofuata baada ya dawa ya kwanza limepungua mpaka unashangaa; picha ya Oktoba hulioni. Na nyuma yake, kitu ambacho sikuwa nakipiga kwa makusudi, zile nguzo za daraja la Kigongo–Busisi. Kwenye picha za mwanzo ni mashine na vyuma majini. Mwaka 2022, tukienda kliniki ya marudio, nguzo zimesimama. Mwaka 2023 zimebeba barabara juu. Daraja lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, kama kilomita 3 juu ya ziwa, unavuka kwa dakika chache pale tulipokuwa tunasubiri masaa. Kulwa sasa yuko shule, ana kelele kuliko mwenzake.

Kuna picha moja ya Bugando ambayo sijawahi kuiweka hapa na sitaiweka. Ni Kulwa na binti wa kitanda cha jirani, wamekaa kwenye ngazi wanakula machungwa, mji wote uko chini yao. Binti aliletwa na mama yake kutoka machimboni, akiwa amechelewa, uvimbe ulikuwa umeshaingia tumboni. Alifariki mwezi wa Novemba.

Ilipita miezi 7 mama yake akanipigia. Alizungukazunguka kwenye salamu, akauliza mvua, akauliza kazi. Mwishoni akasema, "Mama Kulwa, ile ya machungwa bado unayo?" Simu yake haikuwa na kamera. Hakuwa na picha nyingine ya mtoto yule, hata moja.

Alikuja Geita mjini kwa pikipiki tukaenda studio. Kijana wa studio akataka kumkata Kulwa ili binti abaki peke yake katikati. Mama akamzuia. "Muache. Huyo ni rafiki yake." Tukatoa nakala 2. Moja akaifunga kwenye khanga, nyingine akasema ni ya mdogo wake binti, ambaye ameanza kumsahau dada yake.

Tangu siku hiyo mama akiingia wodini kwetu na mtoto mgonjwa, nikishamaliza kazi zangu namuuliza kama angependa nimpigie picha kwa simu yake au ya ndugu yake. Wengine wanakataa, wanaogopa ni uchuro, nami simlazimishi mtu. Wengi wanatengeneza kwanza kilemba. Ukipiga wodini omba ruhusa, na uso wa mtoto wa mwenzio usiuweke kwenye mitandao. Safisha nakala hata moja, simu zinaibiwa na zinadumbukia ndoo ya maji.

Na taya likivimba, au jino la nyuma likicheza kabla ya wakati wake, au jicho au tumbo likajaa haraka ndani ya wiki chache, usingoje na usichanje. Nenda hospitali, useme lini ulianza kuuona. Ukiwa na picha za mwanzo, muonyeshe daktari.

Sehemu ya 7 nitaeleza mtoto aliye kwenye dawa za saratani ale nini mdomo ukiwa na vidonda.