Kiti cha Maharage

Bibi aliposikia nataka kushona kiti kinachojazwa maharage, aliacha kupepeta akaniuliza, "Njaa ikija mtakula kiti?" Sikuwa na jibu. Huyu ni mtu aliyepanga foleni mwaka 1974 kungoja mahindi ya njano ya msaada, na hadi leo akiona punje sakafuni huinama kuiokota, na mgongo wake huo huo unaomuuma.

Lakini ndugu msomaji, na mimi nilikuwa na langu. Mdogo wangu wa mwisho ana miaka minne na ana mtindio wa ubongo. Kukaa mwenyewe hawezi. Ukimweka kwenye kiti cha mbao anateleza. Ukimfunga kwa kanga analia. Tulizoea kumkalisha ndani ya beseni, mito huku na huku, sasa beseni limemwia dogo, miguu inaning'inia nje. Basi anashinda mgongoni kwa mama, na shamba letu hapa Kifungilo si tambarare kama ya Korogwe, ni la kupanda kwa kushika majani. Mama akaanza kulima amepiga goti. Hakusema kitu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alishauri tumtafutie kitu laini cha kumkumbatia mwili. Nami kitu hicho nilishakiona, nilipofanya kazi za ndani Dar: mfuko mkubwa, ukikaa unakumeza taratibu halafu unashika umbo lako. Nikauliza jina lake, nikaambiwa maana yake ni mfuko wa maharage. Nikarudi nyumbani na tafsiri hiyo.

Kumbe! Debe la kwanza halikufunika hata kitako cha mfuko, na debe la maharage hupita kilo 15. Yangetakiwa madebe sita. Kiti cha karibu kilo 100, tena chakula chetu! Baadaye nikasoma kwamba kiti maarufu cha namna hii, Sacco, kilibuniwa Italia mwaka 1968 na Gatti, Paolini na Teodoro, na ndani yake hamna harage hata moja. Ni vipunje vya plastiki iliyoumuliwa, vyepesi kama bisi. Bibi alicheka mpaka akakohoa.

Sufi nilijaribu; inashikamana, haitiririki. Kilichonifaa ni makapi ya mpunga kutoka mashineni Mombo. Ni mepesi, yanamwagika kama mchanga, na mwenye mashine anashukuru ukimwondolea. Gharama yake ni nauli, na kubishana na kondakta juu ya magunia mawili.

Kielelezo nilikikata kwenye karatasi ya mfuko wa saruji: vipande sita, vyembamba kwenye ncha na vipana katikati, kama ganda la chungwa. Mfuko wa ndani ni wa marekani iliyofumwa kwa kubana, maana vumbi la makapi linakohoza mtoto. Mshono nikaurudia mara mbili. Mfuko wa nje ni jinzi za mtumba, una zipu ili uvuliwe ufuliwe. Cherehani ya kuazima ilivunja sindano mbili kabla fundi hajanionea huruma: "Weka namba 18, dada, hiyo ni ya kushonea leso." Tena usijaze kikafura. Theluthi mbili zatosha, la sivyo mtoto atakaa juu yake badala ya kukaa ndani.

Siku ya kwanza alizama, akashtuka, akataka kulia. Halafu kichwa kikatulia. Akaangalia njia, kuku, ukungu ukipanda kutoka bondeni. Mama akachukua jembe, akaenda, akarudi, akaenda tena. Alirudi mara nne asubuhi ile.

Hatumwachi peke yake, maana akipinduka uso ukazama humo hawezi kujitoa. Mlinzi ni bibi, ambaye pia anafukuza kuku. Wameshajua kuna mpunga, wanadonoa mshono. Sasa ni wiki ya tatu, makapi yameshindiliwa na mtoto analalia kushoto. Jumamosi nashuka tena Mombo na gunia tupu.