Gari-nyumba: kutoka Autobahn hadi mlima Kitonga

Gari-nyumba ni gari lenye kitanda, jiko, tangi la maji na choo ndani ya bodi moja na usukani. Karavani huvutwa na gari jingine na kuachwa kambini. Gari-nyumba hujiendesha lenyewe, na popote liliposimama wenye nalo wako kwao. Ujerumani, inayochukuliwa hapa kuwa mfano wa Ulaya, magari haya huuzwa kwa maumbo manne. Lililo dogo ni gari la mizigo la bodi ya chuma lililotengenezwa ndani: urefu wa mita 5.4 hadi 6.4, upana wa mita 2 na kidogo, kimo kama mita 2.6. Linalofuata lina kichwa cha kiwandani na nyumba ya paneli iliyojengwa nyuma yake, pana hadi mita 2.3. La tatu ni hilohilo likiongezewa kitanda kilichochomoza juu ya kichwa cha dereva, ambacho watoto hukipenda na upepo hukichukia, kwani kimo hukaribia mita 3 au kuzipita. La nne limejengwa upya kuanzia kioo cha mbele, na bei yake inatosha kusimamisha nyumba ya kweli Kibaha.

Chini ya mengi ya maumbo hayo kuna gari moja, Fiat Ducato, linalotengenezwa Atessa nchini Italia tangu mwaka 1981. Limependwa kwa sababu ya sakafu yake. Injini huzungusha magurudumu ya mbele, nyuma hakuna shafti, hivyo nyumba hukaa chini na mtu hupanda kwa kidaraja kimoja. Faida hiyo huisha lami inapoisha. Nyuma pakishabeba kitanda, baiskeli na maji, magurudumu ya mbele huwa mepesi, na gari huanza kuteleza hata kwenye majani yenye umande tu huko Bavaria. Kwenye udongo mwekundu wa Lushoto baada ya mvua halitoki bila trekta au kijiji kizima kuja kusukuma. Afrika Mashariki jamaa wa karibu wa gari hilo ni Toyota HiAce na Toyota Coaster, ambazo husukumwa na magurudumu ya nyuma na fundi wa kila mji anazifahamu. Ducato ni ngeni kwake.

Hapo ndipo ilipo tofauti yenyewe. Gari-nyumba la Ulaya ni ncha tu ya mtandao mkubwa ulio nje yake: lami hadi mlango wa shamba, viwanja vya kulala vilivyowekewa bomba na umeme, mahali pa kumwaga uchafu, na fundi mwenye kifaa cha kila modeli. Nyumbani, Afrika Mashariki, mtandao huo haupo. Upo mwingine, wa gesti, mama lishe, mafundi wa pembeni mwa barabara na ndugu kila mkoa, nao umekwisha kufanya kazi nyingi ambazo Mjerumani amezifungia ndani ya gari lake.

Kipimo kinachotawala uchaguzi Ulaya ni uzito kuliko urefu. Leseni ya daraja B hukoma kwenye kilo 3,500, yaani gari pamoja na kila kitu na kila mtu aliyemo. Aliyepata leseni Ujerumani kabla ya mwaka 1999, au Uingereza kabla ya mwaka 1997, anaruhusiwa hadi kilo 7,500. Waliofuata huhitaji daraja C1, na wahamiaji wengi wamo katika kundi hili la pili. Kwa hiyo viwanda hulibana gari litoshe ndani ya kilo 3,500 za kwenye karatasi. Likitoka kiwandani lina kilo 2,900 au 3,000, zikiwemo 75 za dereva na karibu tangi zima la mafuta. Mia tano zinazobaki huliwa upesi: maji lita 100 ni kilo 100, abiria watatu ni 200, kivuli cha turubali ubavuni 30, baiskeli mbili za umeme 50, halafu sufuria, nguo, vinywaji na unga wa ugali ambao hakuna anayekubali kuuacha. Polisi wa Austria na Uswisi hupima magari haya barabarani wakati wa likizo, na anayezidi hulipa faini au hupunguza mzigo palepale.

Namba hiyohiyo ya 3,500 ipo Tanzania kwa kazi nyingine. Gari linaloizidi hufungwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inayodhibiti uzito wa magari hulitaka liingie mizani. Vigwaza, Mikese, Wenda: kote huko gari la starehe husubiri nyuma ya malori ya kwenda Tunduma. Anayefikiria kujenga nyumba juu ya lori aitie foleni hiyo kwenye ratiba.

Kwa gari lililotumika, adui wa kwanza ni unyevu. Kuta nyingi ni paneli za tabaka, nje alumini au faiba, ndani povu na mbao. Maji yakipenya kwenye pembe ya dirisha la paa, mbao huoza kimyakimya, na gharama ya kutengeneza inaweza kupita thamani ya gari. Mnunuzi makini hubonyeza kuta kwenye pembe zote, hukanyaga sakafu mbele ya choo kusikia kama inabonyea, na hunusa makabati yaliyofungwa. Matairi nayo hudanganya: gari hukaa uani miezi minane kwa mwaka, kashata za tairi zinabaki nzito huku mpira umezeeka. Umri wake huandikwa ubavuni kwa tarakimu nne, ambapo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Baada ya miaka sita hivi hubadilishwa hata likionekana jipya. Mfumo wa gesi hukaguliwa kila baada ya miaka miwili. Asiye na hakika hukodi kwanza, ingawa amana ya zaidi ya euro elfu moja ni ya kawaida na mkwaruzo mmoja huila.

Kuliendesha hakuhitaji ufundi wa ajabu, bali kusahau mazoea ya gari dogo. Mkia mrefu nyuma ya magurudumu hupanuka nje gari likikata kona, ukapiga nguzo ya kituo cha mafuta ambayo dereva alidhani ameipita. Kulipita lori kwenye Autobahn, barabara kuu ya kasi ya Ujerumani, siku ya upepo kuna misukosuko miwili: lori linakinga upepo, gari linanyooka, kisha kinga inaisha ghafla na usukani unavutwa. Madaraja ya chini na maegesho ya ghorofa ndiyo huangusha mapaa, kwa hiyo kimo huandikwa kwenye karatasi na kubandikwa mbele ya dereva. Linalozidi kilo 3,500 hupaswa kutopita kilomita 100 kwa saa kwenye Autobahn na 80 kwenye barabara za kawaida. Mafuta, lita 10 hadi 12 kwa kilomita 100.

Barabara za nyumbani zinaidai bodi kabla ya injini. Matuta ya kila kijiji hukutana na bomba la maji machafu lililoning'inia chini ya mkia, na bomba hushindwa. Gati la kivuko cha Likoni, Mombasa, maji yakipungua, lina mteremko ambao hulikwaruza gari lenye mkia mrefu. Kwenye changarawe yenye mawimbi madogomadogo, kama njia ya kuingia Serengeti kutoka Ngorongoro, skrubu za makabati hulegea, milango hufunguka, na maungio ya bomba la gesi hupata ufa usioonekana; ni busara kufunga mtungi kabla ya kuondoka na kupaka povu la sabuni kwenye maungio kila jioni. Mlima Kitonga hushukwa kwa gia ndogo tangu juu, kwa sababu kilo 3,500 zikiachiwa breki peke yake huziunguza kabla ya Mahenge. Matawi yaliyotandazwa barabarani ni tangazo kwamba mbele kuna lori bovu, na usiku huonekana yakiwa yamekwisha kuwa chini ya tairi. Kati ya Morogoro na Iringa barabara hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, ambapo faini ya kila mnyama anayegongwa imeorodheshwa ubaoni. Halafu kuna trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo mwanzoni mwa kila eneo la kilomita 50 kwa saa, ambaye kwa upande huu ni rafiki wa gari-nyumba: halina haraka.

Usiku Ujerumani una utaratibu wake. Miji mingi, hata midogo, imetenga kiwanja cha magari-nyumba, mara nyingi kando ya bwawa la kuogelea au nyuma ya ukumbi wa michezo, kwa kuwa wageni hao hununua mikate asubuhi. Malipo hutumbukizwa kwenye mashine. Kwenye maegesho ya kawaida, pasipokatazwa, mtu anaruhusiwa kulala usiku mmoja ili apate nguvu ya kuendesha. Akitoa viti na kufungua kivuli amegeuka mpiga kambi, na hilo ni kosa. Uingereza ni ngumu zaidi, kwani ardhi karibu yote ina mwenyewe na ruhusa yake inahitajika.

Kazi isiyosemwa kwenye picha za Instagram ni ya maji. Choo cha kaseti huchukua lita 17 hadi 20, na watu wawili hukijaza kwa siku mbili au tatu. Maji ya vyombo na ya kuoga huenda kwenye tangi lake. Vyote humwagwa kwenye kituo maalumu, na dereva mzoefu hupanga safari kwa kufuata vituo hivyo kuliko makumbusho. Nyumbani vituo havipo, lakini choo cha shimo kipo kila mahali na kinapokea kaseti vizuri, mradi isiwekwe dawa ya bluu. Dawa hiyo huua bakteria wanaosaga uchafu, na mwenye tangi la septiki atakuwa na haki ya kukasirika.

Kulala garini huko nyumbani kunakabiliwa na swali gumu zaidi, la haja yenyewe. Korogwe, Mafinga, Voi, Nakuru, kila mji una gesti yenye chandarua, ndoo ya maji ya moto na mlinzi wa gari, kwa bei ambayo Ujerumani haimalizi usiku mmoja wa kiwanja chenye umeme. Chakula kiko mlango wa pili. Na msafiri mwenye jamaa njiani hana uhuru wa kuchagua: kulala ndani ya gari mbele ya geti la baba mdogo, huku chumba kimetandikwa, ni kumtukana, na maelezo kuhusu godoro bora la Kijerumani hayatasaidia.

Haja huanza pale gesti zinapoisha, yaani hifadhini, ufukweni na kaskazini ya mbali. Huko magari yanayotawala ni Land Cruiser na Land Rover zenye hema juu ya paa, ambazo hazibebi choo wala bafu bali huazima vya kambi. Kambi hizo zina historia. Twiga Lodge ya Tiwi, kusini mwa Mombasa, na shamba la Kisolanza kati ya Iringa na Mafinga zimepokea wasafiri wa Nairobi hadi Cape Town kwa miaka mingi, na Jungle Junction ya Nairobi imekuwa pia gereji yao. Kambi za Serengeti hazina uzio. Fisi hupita kati ya mahema, na hapo ukuta wa paneli una thamani yake. Gari la magurudumu mawili ya kuvuta haliruhusiwi kushuka kreta ya Ngorongoro, hata liwe na jiko la namna gani.

Vifaa navyo vina hali ya hewa yake. Friji ya gesi inayopendwa Ulaya hutaka gari lisimame sawasawa, na joto likipita nyuzi 32 au 35 huacha kupoza vya kutosha. Tanga mwezi Februari inafaa friji ya kompresa ya volti 12. Umeme wake hutoka kwenye sola, na nyumbani ndiko kwenye faida. Paneli iliyolala bapa juu ya paa karibu na ikweta huzalisha vizuri mwaka mzima, wakati Hamburg mwezi Desemba haitoi kitu cha maana. Vali za mitungi ya gesi hazifanani na za Ujerumani, hivyo ni rahisi kuweka mtungi wa kilo 6 na regulata yake tangu mwanzo.

Anayetaka kurudi nyumbani na gari lake la Ulaya hukutana na sheria. Kenya haisajili gari binafsi la usukani wa kushoto wala lililozidi miaka minane, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa gari lililopita miaka hiyo. Mlango wa nyumba nao uko ubavu wa kulia, na kwenye nchi za kuendesha kushoto hufungukia kwenye malori. Coaster iliyotoka Japani, karibu mita 7 kwa toleo refu, ikafanyiwa vitanda na seremala wa Keko au Gikomba, huondoa matatizo yote hayo, na ikiharibika Singida hupona Singida.

Kwa safari ya muda, gari la namba za Ulaya huingia kwa kibali cha forodha au kwa carnet de passages, ambayo Ujerumani hutolewa na ADAC, chama cha wenye magari, kwa dhamana inayotegemea thamani ya gari. Bima ya COMESA, maarufu kama kadi ya njano, hukatwa mara moja na kutumika Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Ada za hifadhi za Tanzania kwa namba za kigeni hutozwa kwa dola, hupanda kufuatana na uzito, na huzizidi mbali za gari la ndani. Daraja la Rusumo likivukwa kuingia Rwanda, upande wa kuendesha hubadilika. Mpaka wa mwisho ndio wa kuangaliwa sana: carnet isipogongwa mhuri wa kutoka, forodha hudai ushuru wote, hata kama gari limekwisha kurudi Hamburg na limeegeshwa uani.