Jarida la Treni za Kuchezea Limeniharibia Biashara
Wasee, chekeni tu. Nilinunua jarida kuukuu la Marekani pale kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, shilingi hamsini. Classic Toy Trains, lilianza 1987. Na mimi sina hata kipande cha reli.

Nilidhani ni picha za kutamanisha tu. Kumbe wenye hobi hii wanataka kitu kingine kabisa. Mtu ana treni ya Lionel ya babake, ile ya reli tatu, ya katikati ndiyo inabeba stima. Imekaa darini tangu miaka ya 50 na haisongi. Anataka kuambiwa fungua hapa, safisha brashi za mota, weka tone la mafuta, moja tu. Na kabla atoe dola zake kwa injini mpya, anataka mtu aiendeshe kwanza, apime kasi yake, apime inavuta kiasi gani, aseme wazi kama ni mbovu.

Hapo nikanyamaza. Mwaka jana nililipwa kusifia chaja ambayo sikuwa nimeichomeka hata siku moja. Nilikuwa nimeacha chuo, pesa nilihitaji. Mfuasi mmoja akaniandikia: "Buda, niliinunua juu yako." Ilikufa wiki ya kwanza.

Juzi imekuja ofa ya spika. Nimewaambia watume, niitumie wiki mbili, halafu niseme nilichosikia. Hawajajibu. Na kodi ni tarehe 5.